Mifumo Mipya katika Kompyuta Kongwe za Nyumbani

Mnamo Aprili 1982 kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilitoa mashine ndogo nyeusi iliyoitwa ZX Spectrum, kwa pauni 125 ikiwa na kilobaiti 16 za kumbukumbu na kwa pauni 175 ikiwa na kilobaiti 48. Na kabla ya mwaka huo kwisha, Commodore ya Marekani ilikwisha kuiingiza sokoni Commodore 64 kwa dola 595, yenye kilobaiti 64, kiasi ambacho siku hizo kilihesabiwa kuwa utajiri. Hizo na ndugu zake ndizo zilizoitwa kompyuta za nyumbani, na umbo lake aghalabu lilikuwa moja: kibodi iliyobeba mashine yote tumboni, waya wa kuiunganisha na televisheni ya sebuleni, na kinasa sauti cha kaseti kilichokuwa ghala la programu. Ukiiwasha, kabla hujavuta pumzi mbili ilikuwa tayari kupokea amri kwa lugha ya BASIC, kwa kuwa maarifa yake yote yalikwisha kutiwa kiwandani katika kumbukumbu isiyofutika.

Yafaa msomaji wa pwani yetu, kabla hajauliza kwa nini mashine hizi hazikutapakaa Dar es Salaam kama zilivyotapakaa Manchester, akumbuke kwamba kioo chake kilikuwa televisheni. Na Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni mpaka miaka ya 1990, ijapokuwa Zanzibar, ng'ambo ya mlango wa bahari, ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Fauka ya hayo, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni, vyote viwili kwa pamoja. Kwa hiyo habari nitakayoisimulia ni ya watu wa Ulaya na Marekani, nasi tulikuwa mbali nayo. Na si aibu kusema hivyo.

Kompyuta ya nyumbani ilitawaliwa na programu moja kwa wakati mmoja. Mchezo ukiisha kupakiwa kutoka kwenye kanda, uliimiliki kumbukumbu tangu anwani ya kwanza mpaka ya mwisho, ukaandika utakapo na kufuta utakapo, wala hapakuwa na wa kuuzuia, maana prosesa zenyewe, Z80 ya Zilog na 6510 ya MOS, hazikujua kuwa iko anwani iliyo haramu kwa yeyote. Programu ikikosea, mashine nzima iliganda, na mwenyewe akazima na kuwasha upya. Hapakuwa na dhuluma katika hilo: mtumiaji mmoja, kazi moja, jioni baada ya shule.

Miaka ikapita, mashine hizo zikapandishwa darini au zikatupwa. Kisha wakatokea watu waliozishusha, wakazipangusa vumbi, na kuazimia jambo ambalo waundaji wake hawakulikusudia, nalo ni kuziendesha kwa mifumo endeshi ya zama za baadaye, ile iendeshayo programu nyingi pamoja, izungumzayo na mtandao, na impayo kila mtumiaji jina lake na mafaili yake. Watu wa nje ya shughuli hii hudhani kizuizi kikubwa ni mwendo. Prosesa ya Commodore 64 hupiga takriban mara milioni moja kwa sekunde, na ya simu ya mkononi ya leo hupiga mara maelfu kwa moja ya ile. Basi, wasema, kizuizi kingine ni kipi? Dhana hiyo naiona potofu. Mashine yenye mwendo mdogo hufanya kazi ile ile kwa muda mrefu zaidi, na mtu mwenye subira huweza kungoja. Kizuizi kiko mahali pengine, na ili kukiona yabidi turudi nyuma ya kompyuta za nyumbani zenyewe.

Ken Thompson wa maabara ya Bell Labs aliianza Unix, babu wa karibu kila mfumo tunaouita wa kisasa, mwaka 1969 juu ya mashine iliyoitwa PDP-7. Na kufikia mwaka 1971 mfumo huo ulikuwa umehamia katika PDP-11/20 yenye kilobaiti 24 tu, ambazo 16 zilichukuliwa na mfumo wenyewe na 8 zilizobaki wakaachiwa watumiaji. Commodore 64 ina zaidi ya mara mbili ya hizo. Tena PDP-11/20 haikuwa na njia ya kuikinga programu moja na nyingine: aliyejaribu programu mpya alipaswa kuwa mwangalifu kupita kiasi, kwani kosa lake moja liliweza kuwaangusha wenzake wote waliokuwa wakiitumia mashine saa hiyo. Hivyo Unix ilizaliwa katika dhiki ile ile iliyozipata kompyuta za nyumbani. Baadaye ndipo ilipohamia PDP-11/45, iliyokuwa na kitengo cha kusimamia kumbukumbu. Na kilichokuwa neema kikageuka mazoea, na mazoea yakageuka sharti, hata ikawa mifumo iliyofuata haiwezi kufikirika bila kitengo hicho.

Kazi ya kitengo hicho ndiyo kiini cha habari yetu. Kila programu hupewa anwani ambazo si za kweli, bali za kuazimwa, nacho hukaa kati ya prosesa na kumbukumbu kikizifasiri anwani hizo kila mara. Programu ya kwanza ikitaja anwani elfu moja hupelekwa mahali pengine kabisa na pale ipelekwapo programu ya pili itajapo anwani iyo hiyo, na ikithubutu kutaja isiyopewa, hukamatwa papo hapo na mfumo hupewa habari. Kwa njia hiyo programu moja hufa bila kuziua nyingine. Kwa njia hiyo pia mfumo huweza kuhamisha sehemu ya programu isiyotumika na kuiweka diskini, na kuirudisha ihitajiwapo, bila programu yenyewe kujua. Linux iliandikwa tangu siku ya kwanza kwa kutegemea jambo hili, kwa kuwa kompyuta ya 386 aliyoinunua mtunzi wake, Linus Torvalds, huko Helsinki mwanzoni mwa 1991, yenye megabaiti nne za kumbukumbu, ilikuwa nalo.

Lakini Torvalds huyo hakujifunzia kwenye 386. Alianzia kwenye VIC-20 ya babu yake, kompyuta nyingine ya Commodore, kisha akanunua Sinclair QL, mashine iliyotangazwa Januari 1984 kwa pauni 399, yenye prosesa ya Motorola 68008 na kilobaiti 128. Mfumo wake, QDOS, kazi ya Tony Tebby, uliweza kuendesha programu nyingi kwa pamoja na kuinyang'anya kila moja zamu yake muda wake ukiisha, jambo ambalo kompyuta nyingi za maofisini siku hizo hazikuliweza. Na kijana wa Helsinki akajiandikia juu yake zana zake mwenyewe kwa kuwa za kununua hazikupatikana kwa urahisi Finland. QL haina kitengo cha kusimamia kumbukumbu. Kwa hiyo mashine iliyomfunza mtu kutunga mfumo haikuweza kuupokea mfumo alioutunga, nami sijui katika historia ya ufundi huu kinaya kilichonifurahisha kuliko hiki.

Mbele ya kizuizi hicho waliotaka kuzifufua mashine kongwe walifuata njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuuacha ulinzi na kutegemea adabu: kuandika mfumo mpya ambao kila programu ndani yake huziheshimu anwani za nyingine kwa hiari. Aliyeifanya kazi hii kwa ustadi uliowashangaza watu ni Adam Dunkels wa taasisi ya sayansi ya kompyuta ya Sweden, ambaye mwaka 2003 alitoa mfumo alioupa jina Contiki, na ndani yake akatia uIP, utaratibu kamili wa kuzungumza na intaneti uliobanwa ukaingia katika kilobaiti chache. Commodore 64 iliyotiwa kadi ya mtandao ikaonyesha madirisha, ikafungua kurasa za intaneti, na hata ikawa yenyewe mtumishi wa kurasa kwa kompyuta nyingine. Siri yake ni kwamba programu za Contiki hazina kila moja rundo lake la kumbukumbu la kuhifadhi mambo yaliyo katikati ya kufanywa. Zote hushiriki moja, na kila moja hukumbuka tu mahali ilipoishia, kumbukumbu ambayo katika ubunifu wake wa baadaye ilihitaji baiti mbili. Jina la mfumo limetokana na Kon-Tiki, chelezo cha magogo alichokivusha Thor Heyerdahl kutoka Peru mpaka visiwa vya Polinesia mwaka 1947, chelezo kilichofungwa kwa kamba bila msumari; na mtu wa Lamu asomaye habari hiyo hawezi kukosa kuukumbuka mtepe, uliosafiri mwambao huu karne nyingi ukiwa umeshonwa kwa kamba za nazi, ambao mbao zake zilipindana na mawimbi badala ya kushindana nayo. Contiki ni mfumo wa namna hiyo. Wala haukuishia kuwa mchezo wa wapenda vya kale: kwa kuwa vyombo vidogo vya kupimia joto na unyevu, visemavyo kwa redio na kuishi kwa betri, vina ufukara ule ule wa kumbukumbu, Contiki ulienea humo, ukapata heshima katika vyuo na viwanda.

Katika njia hiyo hiyo alipita Alan Cox, aliyekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wakuu wa Linux. Mwaka 2014, akiisha kuiacha kazi hiyo, alitangaza Fuzix, mfumo wa jamii ya Unix kwa Z80 na prosesa nyingine ndogo, akijenga juu ya UZI, kazi ya Doug Braun ya miaka ya 1980. Z80 huona anwani 65,536 tu kwa mara moja; mashine zenye kumbukumbu zaidi huigawa mafungu, na kuyaleta mbele ya prosesa moja baada ya jingine. Fuzix huifanya hila hiyo kuwa kanuni ya utawala: programu yenye zamu huletwa mbele, nyingine huwekwa nyuma katika fungu lake au hutolewa nzima nzima ikapelekwa diskini. Mtu aliyezoea Unix akiketi mbele yake huzikuta amri azijuazo. Nitaitaja kwa ufupi SymbOS pia, kazi ya Mjerumani mmoja kwa mashine za Amstrad CPC na MSX, yenye madirisha yanayofanana mno na yale ya Windows, hata mtazamaji huangalia chini ya meza akitafuta kompyuta ya pili.

Njia ya pili ni ya wale waliokataa kuandika mfumo mpya, wakasema kwamba wautakao ni Linux yenyewe, ile ile ya mashine kubwa, bila kupunguzwa. Hao iliwabidi wachague mashine yenye kitengo kile. Amiga ya Commodore, iliyotoka mwaka 1985 ikiwa na prosesa ya Motorola 68000, haikuwa nacho. Lakini Amiga 3000 ya mwaka 1990 ilikuwa na 68030, ambayo kitengo kimo ndani yake, na Commodore wenyewe waliiuzia wateja Unix ya kununua, wakaiita Amiga Unix, ambayo haikupata soko kubwa. Palikuwa na mtego ambao wanunuzi wa mitumba hunaswa nao hata leo: Motorola ilitoa pia 68EC030, ambayo kwa nje ni ndugu mapacha na 68030 ila kitengo kimeondolewa ili bei ishuke, hivyo kwamba herufi mbili zilizoandikwa juu ya kipande kidogo cha kauri ndizo ziamuazo kama mashine itaendesha Linux au haitaiendesha kabisa. Amiga 1200, iliyopendwa sana nyumbani tangu 1992, ilikuja na 68EC020, na mwenye nayo hana budi kutafuta kadi ya kuongeza prosesa. Linux ya mashine zisizo na kitengo, uClinux, ile iliyonyimwa ulinzi wa kumbukumbu, haikutokea mpaka 1998.

Kazi ya kuihamishia Linux kwenye Amiga na Atari ilianza mapema katika miaka ya 1990, na miongoni mwa walioifungua ni Hamish Macdonald. Commodore ilifilisika Aprili 1994, lakini kazi haikusimama. Tarehe 24 Julai 1998 Debian, jumuiya ya watu wa kujitolea wakusanyao programu huru na kuzigawa bila malipo, ilitoa toleo lake la 2.0 kwa aina mbili za mashine tu: ya kwanza ni jamii ya 386, ya pili ni m68k, yaani Amiga, Atari na jamaa zake. Tafakari: mashine ya sebuleni ya kampuni iliyokwisha kufa ilikaa safu moja na mashine iliyokuwa ikiitawala dunia.

Hapo ndipo mwendo, nilioukana kuwa kizuizi, uliporudi kwa mlango mwingine. Programu za Debian huandikwa kwa lugha ya wanadamu wa fani, na sharti zigeuzwe kuwa lugha ya kila aina ya prosesa. Kwenye 386 mtunzaji wa kila programu aliigeuza yake mwenyewe akiwa mezani pake, bali kwenye m68k wachache wenye mashine walizipokea programu za wengine wote, na programu kubwa moja iliweza kuishughulisha Amiga kwa siku kadhaa mchana na usiku. Roman Hodek, mmoja wao, aliandika utaratibu wa kuzigawa kazi hizo miongoni mwa mashine nyingi zilizotawanyika nyumbani kwa watu, kila moja ikiuliza orodha kuu ni kazi gani bado, ikiifanya, na kurudisha matokeo. Debian nzima ikaurithi utaratibu huo, ukatumika kwa aina zote za mashine zilizofuata, zikiwamo zenye kasi ambazo kamwe hazikuijua dhiki iliyouzaa.

Lakini programu ziliongezeka na kunenepa, wala Amiga haikuongezewa kasi. Mwaka 2005 wakuu wa Debian waliweka masharti kwa kila aina ya mashine itakayo kubaki katika safu rasmi, na mojawapo lilikuwa kwamba mashine mbili ziweze kubeba mzigo wote wa ugeuzaji bila kuchelewesha wengine. Palizuka mabishano makali. Waliokuwa upande wa m68k waliona wanahukumiwa kwa kosa la kuwa maskini. Wa upande wa pili walijibu kwamba maelfu ya watu hawawezi kungoja kupata dawa ya kosa la usalama kwa sababu Amiga ya mtu haijamaliza. Mimi nawapa haki hao wa pili, ingawa moyo wangu uko kwa wa kwanza. Toleo la Aprili 2007 lilitoka bila m68k.

Baada ya hukumu hiyo yalikuja maradhi mabaya kuliko yenyewe. Maktaba kuu ya lugha ya C ilianza kudai kwamba kila mkondo wa kazi ndani ya programu uwe na sehemu yake ya faragha ya kumbukumbu, na kwa m68k hapakuwa na aliyeandika namna ya kufanya hivyo. Kwa miaka kadhaa programu mpya hazikugeuzika. Tena liko jambo la anwani: katika m68k nambari ya biti 32 huweza kuanza kwenye anwani yoyote iliyo shufwa, hali mashine nyingine karibu zote huiweka kwenye anwani inayogawanyika kwa nne, na waandishi wa programu, wasioijua desturi hiyo kongwe ya Motorola, huandika kama kwamba nne ni sheria ya maumbile. Kila programu ya namna hiyo hubidi kurekebishwa kwa mkono na mtu ambaye aghalabu hatashukuriwa.

Wokovu ulitoka mahali pasipotarajiwa. Wapenzi wa Atari walikuwa wametunga ARAnyM, programu ambayo ikiendeshwa katika kompyuta mpya hujifanya Atari yenye prosesa ya Motorola pamoja na kitengo chake. Na ikaonekana kwamba Atari hii ya kuigiza, ndani ya mashine ya kisasa, hugeuza programu upesi kuliko Atari yoyote iliyopata kutoka kiwandani. Basi watu wakarundika mashine za kuigiza, zikamaliza limbikizo la miaka, nazo Amiga za kweli zikabaki kupokea matunda. Wapo walioona haya kwa jambo hilo. Sioni sababu, chakula cha mgonjwa hakipikwi na mgonjwa.

Zaidi sana nina shaka na mambo mawili ya siku hizi. Moja ni kadi ya PiStorm, ambayo huchomekwa mahali pa prosesa ya Amiga, na juu yake hukaa Raspberry Pi inayoigiza prosesa hiyo kwa kasi ambayo Motorola haikuiota. Mwenye nayo huambiwa kwamba Amiga yake imekuwa na nguvu, hali ukweli ni kwamba kompyuta mpya imevaa ngozi ya kale. La pili ni kinyume chake: mwaka 2023 alitokea mtu aliyeihamishia Commodore 64 programu inayoigiza prosesa ya kisasa ya aina ya RISC-V, na ndani ya uigizaji huo akaiwasha Linux, kwa msaada wa kumbukumbu ya ziada ya megabaiti 16 ambayo Commodore haikuiuza kamwe; na kwa makadirio yake mwenyewe, Commodore 64 ya kweli ingehitaji takriban juma zima ili kufika pale inapokubali amri ya kwanza. Kati ya hayo mawili nalistahi la pili, kwa kuwa halimdanganyi mtu, na kwa kuwa limehakikisha kwa vitendo lile nililolisema juu, kwamba mwendo si kizuizi kwa aliye radhi kungoja.

Yaliyofuata ni ya juzi. Agosti 2025 Debian ilitoa toleo la 13, na jamii ya 386 nayo haikuhesabiwa tena kuwa aina kamili: hakuna kiini rasmi chake, yaani moyo wa mfumo uongozao mashine, wala programu ya kuusimika mfumo. Wale wawili wa 1998 sasa wote wako nje ya safu ya aina kamili. Nayo m68k ingali inatunzwa pembeni, kiini cha Linux kingali kinaijua, na katika kazi kubwa ya mwaka 2024 ya kuzibadilisha mashine za biti 32 zihesabu wakati kwa biti 64, kusudi zisipotewe na tarehe ifikapo 19 Januari 2038, ilijumuishwa pamoja na nyingine. Kwa upande wa programu, basi, Amiga 3000 iko tayari kuivuka siku hiyo. Iliyobaki ni betri ndogo ya saa ambayo Commodore iliiunga kwa risasi kwenye ubao wake mama, ambayo ikizeeka huvuja maji makali na kuzila njia za shaba zilizo karibu nayo. Na kila mwenye mashine hiyo ambaye hajaikata aikate leo, kabla ya kusimika chochote.